MAJI YATAFIKA WAPI?
Somo la hesabu ya maji ambayo ukingo wake hautulii

Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za michezo, safari na insha. Leo naomba nafasi nieleze jambo la hesabu. Najua wako wasomaji ambao wakiliona neno hilo hufunua ukurasa wa pili upesi. Nawasihi wangoje kidogo, maana hesabu hii haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa na kugawa kwa nne, nayo yahusu mashamba yetu wenyewe.

Sisi wa Kwapa twakaa katikati ya mito. Mto Malaba hutoka Mlima Elgon, hupita mpakani mwa Uganda na Kenya, kisha huingia mto Mpologoma na maji yake huenda Ziwa Kyoga. Mto Sio hupita upande wa Busia na kuishia katika Ziwa Victoria. Kusini yake uko mto Nzoia, ambao hufika ziwani kwa kupita nchi tambarare ya Budalangi. Mwezi wa Mei 2020 Nzoia ulivunja kingo zake, na maelfu ya watu wa Budalangi wakahama nyumba zao.

Mwenye shamba bondeni ana maswali mawili tu mvua inapozidi: Maji yatafika wapi? Tena, yatafika lini? Maswali haya ni mepesi kuulizwa, lakini kuyajibu kumewashughulisha wanahesabu wakubwa wa dunia kwa muda mrefu. Nataka kuonyesha ugumu uko wapi, na jinsi unavyoshindwa.

1. Ugumu uko wapi

Fikiri maji yanayopita ndani ya bomba. Bomba halihami. Ukijua upana wake na msukumo wa maji, waweza kuhesabu ni debe ngapi zitajaa kwa saa. Kuta zinajulikana kabla hujaanza hesabu.

Mafuriko si hivyo. Asubuhi ukingo wa maji uko kwenye mafunjo. Adhuhuri uko kwenye mihogo. Jioni uko mlangoni. Ili kujua mwendo wa maji, yatupasa tujue ukingo uko wapi. Na ili kujua ukingo uko wapi, yatupasa tujue mwendo wa maji. Kila moja lamngoja mwenzake, kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akisema, "Tangulia wewe."

Kanuni za mwendo wa maji zimejulikana tangu zamani. Mfaransa Navier aliziandika mwaka 1822, na Stokes wa Cambridge akazieleza vizuri zaidi mwaka 1845. Lakini kuijua kanuni si kulijua jibu. Pahali ambapo ukingo hutembea, ni mara chache sana mtu aweza kukaa na kalamu akapata jibu zima kwa mstari mmoja. Basi wataalamu wakafanya kama afanyavyo mtu mwenye safari ndefu usiku akiwa na taa ndogo. Taa haimwonyeshi mwisho wa njia. Yamwonyesha hatua moja. Akiisha kupiga hatua hiyo, taa yamwonyesha nyingine.

2. Vyumba na hatua

Tuugawe mteremko wa bonde katika vyumba, kama vyumba vya sega la nyuki. Katika mfano wetu viko vinne, vyote vya upana mmoja, tuseme mita 20. Chumba A ndicho mto wenyewe. B ni mafunjo. C ni shamba la chini. D ni shamba la juu. Ardhi hupanda kidogo kidogo: sakafu ya A tuihesabu kuwa sentimita 0, ya B ni 20, ya C ni 40, na ya D ni 60.

Sasa mvua kubwa imenyesha mlimani. Chumba A kina maji ya kina cha sentimita 100. Vingine vyote ni vikavu. Ili hesabu iwe fupi, tuseme mvua imekoma na hakuna maji mengine yanayoingia wala kutoka.

Zipo sheria tatu.

Kwanza, maji huenda kutoka kwenye uso ulio juu hadi chumba cha jirani chenye uso ulio chini. Uso wa maji ni kimo cha sakafu kikijumlishwa na kina. Kama jirani ni mkavu, twatumia kimo cha sakafu yake.

Pili, katika hatua moja, robo ya tofauti hiyo ya vimo ndiyo hupita.

Tatu, kinachotoka chumba kimoja lazima kiingie kingine. Maji hayapotei wala hayazuki.

Haya, tuanze. Nitaandika kina cha maji katika kila chumba.

Mwanzo: A 100, B 0, C 0, D 0. Jumla 100.

Hatua ya kwanza. Uso wa A ni 100, na sakafu ya B ni 20. Tofauti ni 80, robo yake ni 20. Basi 20 zatoka A na kuingia B. 
A 80, B 20, C 0, D 0. Jumla 100.

Hatua ya pili. Uso wa A sasa ni 80. Uso wa B ni 20 za sakafu na 20 za maji, yaani 40. Tofauti ni 40, robo yake ni 10. Je, B yaweza kumpa C? Uso wa B ni 40, na sakafu ya C ni 40. Ziko sawa, kwa hiyo hakuna kinachopita. 
A 70, B 30, C 0, D 0. Jumla 100.

Hatua ya tatu. Uso wa A ni 70, wa B ni 50. Tofauti 20, robo yake 5. Uso wa B umeipita sakafu ya C kwa 10, robo yake 2.5. Basi B yapokea 5 na kutoa 2.5. 
A 65, B 32.5, C 2.5, D 0. Jumla 100.

Tazama lililotokea. Hakuna mahali tulipouambia ukingo uende wapi. Mwanzo ulikuwa mwisho wa A. Baada ya hatua ya kwanza ulikuwa B. Katika hatua ya pili ulingoja. Katika hatua ya tatu uliingia shambani. Sisi tulihesabu maji tu, na ukingo ukajionyesha wenyewe. Hii ndiyo siri ya somo zima: usiufukuze ukingo, yahesabu maji, nao ukingo utakufuata.

Sasa, maji yatafika D? Tukiendelea na hatua nyingi, nyuso zitakuwa sawa. Tukiita kimo cha mwisho k, kina cha A kitakuwa k, cha B kitakuwa k toa 20, na cha C kitakuwa k toa 40. Jumla yake ni 100. Basi k mara tatu, toa 60, ni 100. Na k ni 53 na theluthi moja. Sakafu ya D ni 60. Shamba la juu limepona. Lakini kama mto ungalianza na 120 badala ya 100, k ingalikuwa 60 kamili, na maji yangalisimama mguuni pa D. Sentimita 20 za mtoni ndizo zinazomtenganisha mtu anayelala usingizi na mtu asiyelala.

Usidhani huu ni mchezo wa watoto wa shule. Miaka ya 1960, wahandisi wa SOGREAH, huko Grenoble katika Ufaransa, waliihesabu delta ya mto Mekong kwa kuigawa katika vyumba vya namna hii, vingi mno kuliko vyetu. Na mwaka 2000 Bates na De Roo walitangaza programu ya kompyuta iitwayo LISFLOOD-FP, ambayo huigawa nchi ya mafuriko katika miraba midogo na kuyapitisha maji mraba hadi mraba.

3. Haraka haraka haina baraka

Mtu mwenye haraka atauliza: "Kwa nini robo? Kwa nini tusipitishe tofauti yote mara moja, tumalize kazi?" Na tujaribu.

Mwanzo A ina 100. Tofauti na B ni 80. Tukipitisha zote 80, A yabaki na 20, na B yapata 80. Lakini sakafu ya B ni 20, kwa hiyo uso wake umefika 100, na uso wa A ni 20. Maji yamepanda mlima! Hatua inayofuata, B yatakiwa kurudisha 80 kwa A na kutoa 60 kwa C. Jumla ni 140, hali B ina 80 tu. B yabaki na maji ya sentimita 60 chini ya hakuna kitu. Ni nani aliyepata kuona shimo la namna hiyo?

Kanuni haikuwa mbaya. Hatua ndiyo ilikuwa ndefu mno. Jambo hili walilichungua wanahesabu watatu, Courant, Friedrichs na Lewy, katika andiko lao la mwaka 1928. Walionyesha kwamba hatua ya wakati na upana wa chumba havichaguliwi ovyo: habari isiweze kuruka vyumba ambavyo hesabu haijavitazama.

Tupime kwa mfano wa wimbi. Katika maji ya kina cha mita moja, wimbi refu huenda karibu mita 3.1 kwa sekunde. Kama chumba kina upana wa mita 20, wimbi hukivuka kwa sekunde 6.4 hivi. Basi kwa njia iliyo nyepesi, hatua isizidi hapo. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo zahitajika hatua kama 13,500 kwa siku moja ya mafuriko, na kila hatua huhesabiwa kwa kila chumba. Sasa wajua sababu ya kutumia kompyuta. Mwingereza Richardson, katika kitabu chake cha mwaka 1922 juu ya kuihesabu hali ya hewa, aliwaza ukumbi wenye watu 64,000 wakihesabu kwa pamoja ili waende sawa na hewa ya dunia. Ukumbi huo haukujengwa. Mashine ndizo zilizochukua kazi yake.

4. Njia tatu za kuufuata ukingo

Wataalamu wamepata njia nyingi. Nitataja tatu zilizo kubwa.

Njia ya kwanza ni ya vigae. Mwaga maji sakafuni mwa darasa lenye vigae. Vigae havihami, wewe wahesabu tu kipi kimelowa, kipi kikavu, na kipi kimelowa nusu. Mfano wetu ulikuwa wa namna hii. Katika maabara ya Los Alamos huko Marekani, Harlow na Welch mwaka 1965 walitawanya alama ndogo katika maji ya hesabu, kama punje za mtama, na kuziangalia zikichukuliwa na mkondo. Palipo na punje ndipo palipo na maji. Mwaka 1981 Hirt na Nichols waliandika njia nyingine: kila chumba kipewe nambari moja, 1 kama kimejaa, 0 kama kitupu, na nusu au robo kama ukingo wapita ndani yake. Uzuri wa vigae ni kwamba maji yaweza kukatika na kuungana tena bila kuivuruga hesabu. Ubaya wake ni kwamba ukingo huonekana kwa ukungu kidogo, kwa kuwa ndani ya kigae hatujui umelala vipi.

Njia ya pili ni ya wavu. Hapa vyumba vyenyewe hutembea, vikishikamana na ukingo, kama wavu wa wavuvi wa Sio Port unavyojinyosha pamoja na maji. Hirt, Amsden na Cook waliieleza njia ya namna hiyo mwaka 1974. Ukingo huonekana wazi kabisa. Lakini kila mvuvi ajua kwamba wavu ukivutwa sana hujipinda na kujifunga mafundo; ndipo yakupasa usimame uupange upya.

Njia ya tatu ni ya ushanga. Daktari wa hesabu Charles Peskin aliitoa mwaka 1972, wala hakuwa akifikiri mto. Alikuwa akifikiri moyo wa mwanadamu. Moyo una vilango vyembamba kama majani, ambavyo hufunguka damu ikipita na kufungwa damu ikitaka kurudi. Damu hukisukuma kilango, na kilango huizuia damu. Hakuna aliye bwana wa mwenziwe. Peskin aliacha vigae vitulie, akakichora kilango kama uzi wa ushanga ulio ndani ya damu. Kila shanga hutia nguvu kidogo katika vigae vilivyo karibu nayo, kisha huchukuliwa na mkondo wa vigae hivyo hivyo. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki ugonjwa wa baridi yabisi ya moyo, ambao hutokana na koo la mtoto lisilotibiwa, huviharibu vilango hivyo katika miili ya vijana wengi. Basi msomaji asidhani kwamba hesabu hii ni ya wakulima wa bondeni peke yao. Ukingo unaotembea uko ndani ya kifua chake.

5. Ziwa ni chumba kimoja kikubwa

Tuitumie sheria yetu ya tatu kwa jirani yetu mkubwa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Tulifanye chumba kimoja. Maji huingia kwa mvua na kwa mito. Hutoka kwa kukauka juani na kwa mto Nile pale Jinja, ambapo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954.

Sentimita moja juu ya ziwa zima ni kiasi gani? Zidisha: ni mita za ujazo milioni 688. Ukitaka kuzitoa zote kwa siku moja, wahitaji kumimina karibu mita za ujazo 8,000 kila sekunde. Kwa hiyo ziwa likipanda, halishuki kwa wiki moja wala mbili. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, lilipanda karibu mita mbili na nusu hadi mwaka 1964. Na mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifikia mita 13.42, kikaipita kidogo alama ya mita 13.41 ya mwaka 1964.

Mita mbili na nusu si kitu kwa mtu mwenye ngazi. Lakini ukingo hauendi juu; huenda kando. Pwani inayopanda mita 1 kwa kila mita 100, maji huingia nchi kavu mita 250. Pwani tambarare inayopanda mita 1 kwa kila mita 1,000, huingia kilomita mbili na nusu. Maji ni yale yale, kimo ni kile kile. Ardhi ndiyo iliyotoa hukumu.

6. Yanayotupasa sisi

Likizo iliyopita nilimwonyesha mjomba wangu jedwali la vyumba vinne. Yeye hulima mpunga bondeni, na alikuwa akitafuta mahali pa kujenga ghala jipya. Alilitazama jedwali kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya D.

"Mwanangu, hapa ndipo nilipotaka kujenga?"

"La, mjomba, huu ni mfano tu. Shamba lako halijapimwa."

"Basi hesabu yako nzuri yangoja nini? Lipimwe."

Sikuwa na la kumjibu, kwa maana alisema kweli. Kompyuta iliyo bora kuliko zote, isipopewa vimo vya ardhi, ni kama mpishi asiye na unga. Nasi tunao uwezo wa kupima. Mafundi wa nyumba hutumia mpira mwangavu uliojaa maji: uso wa maji husimama sawasawa katika ncha zote mbili, hata zikiwa mbali. Kwa mpira huo, kamba na kijiti chenye alama, vijana watatu waweza kuupima mteremko kutoka mtoni hadi ghalani kwa siku moja. Mti mmoja wenye alama ukisimamishwa mtoni na kusomwa kila asubuhi, tutapata kimo cha chumba A. Wazee nao wakituonyesha mahali ambapo maji yalifika miaka iliyopita, twaweza kuijaribu hesabu kama yasema kweli. Ghala la mjomba lingoje mpaka hapo, au lijengwe juu zaidi.

Tusisahau pia kazi za watu. Tuta la reli, barabara iliyoinuliwa, kalvati iliyozibwa kwa takataka, vyote ni kuta katika hesabu. Ukiinua ukingo mbele ya shamba lako, maji hayakupotea. Yamekwenda kwa jirani. Sheria ya tatu haijali ni nani mwenye hati ya shamba.

Wala haijali mpaka. Mvua ya Elgon hunyesha pande zote mbili, na matone yake hayaonyeshi pasi pale Malaba. Atakayeikomesha hesabu yake katikati ya mto kwa sababu ng'ambo ni nchi nyingine, atakuwa na daftari lenye maji yaliyotoka pasipojulikana. Ndiyo maana palikuwa na mradi wa bonde la Sio, Malaba na Malakisi, chini ya Nile Basin Initiative, ulioziunganisha Kenya na Uganda. Wazee wetu mnaofanya kazi katika ofisi za maji, barabara na kilimo, upande huu na ule, mkiwa na vipimo katika makabati, tuleteeni nakala, kalamu tunazo.

Zoezi kwa wasomaji. Anzeni na A 140, vingine vikavu, sheria zikiwa zile zile. Mkiisha hatua ya pili mtakuwa na A 95, B 42.5, C 2.5, D 0. Endeleeni hadi maji yaingie D, mkiandika ni katika hatua ya ngapi. Kisha tafuteni kimo cha mwisho. Atakayepata kwamba D itabaki na maji ya kina cha sentimita 5 amefanya sawa. Atakayepata jumla isiyo 140, aanze tena, kwa maana mahali fulani amemwaga maji.